Mwindaji wa Viwavi

Katika shamba la Mwenyezi Mungu wamo wafanyakazi wengi wasiodai mshahara. Mmoja wao ni mbawakawa wa misitu ya Ulaya, ambaye wenye elimu humwita Calosoma sycophanta. Mabawa yake magumu ni ya kijani, yanang'aa kama shaba iliyosuguliwa. Ndugu zake wengi huwinda ardhini; yeye hupanda mitini kuwafuata viwavi. Mtoto wake, angali funza, hula viwavi wapata 50 kwa majuma mawili. Akikua huishi miaka 2 hata 4, akila mamia.

Mdudu huyu alivushwa bahari kwa sababu ya uzembe wa mtu. Karibu na mwaka 1869, Mfaransa Étienne Léopold Trouvelot, aliyekaa Medford huko Marekani, alikuwa akifuga nondo wa Ulaya. Alipenda kazi ya hariri. Wengine wakamponyoka. Miaka ikapita kimya. Halafu, mwaka 1889, viwavi wakaufurikia mji: miti ikabaki mitupu, kuta za nyumba zikajaa wadudu. Kuanzia mwaka 1905 wakaagizwa mbawakawa kutoka Ulaya, wakaachiliwa msituni, na wazao wao wapo hata leo.

Je, waliwamaliza viwavi? La. Wanawapunguza tu pale wanapozidi. Tena si kila msaada ulikuwa mwema. Mwaka 1906 aliachiliwa pia nzi mmoja, Compsilura concinnata, ambaye watoto wake hula viwavi kwa ndani. Nzi huyo hakuchagua: amewaangamiza hata nondo wakubwa, wazuri, wenyeji wa misitu ile, wasio na hatia yoyote.

Sisi wa Kongo tusicheke. Gugu-maji, mmea wa Amerika ya Kusini uliopendwa kwa maua yake, lilitapakaa juu ya mto wetu katika miaka ya 1950, likazuia mitumbwi na meli.

Basi tukumbuke: shamba hili si letu, tumekabidhiwa tu. Anayetaka kuleta mbegu, samaki au mnyama wa mbali aulize kwanza: atakula nini, nani atamzuia? Kufungua kikapu ni kazi ya dakika moja. Viwavi wa Medford wametoka kikapuni zaidi ya miaka 150, wala hakuna aliyeweza kuwarudisha.