Kilichokuwa Ndani ya Ala

Kipimo cha kwanza hakihitaji shahada. Unafunga sumaku kwenye uzi, unaisogeza taratibu karibu na ubapa wa upanga, kisha unatazama. Uzi ukipinda, kuna chuma. Usipopinda, bado una maswali mengi.

Siku hiyo ya Novemba nilikuwa nimepiga magoti kwenye mkeka, nyumbani kwa mzee mmoja wa Uzumasa, Kyoto. Mbele yangu kulikuwa na panga 19 zilizolazwa kwa mstari. Uzumasa ni mtaa wa magharibi mwa jiji ambako studio za filamu zilianza kujengwa miaka ya 1920, na filamu nyingi za samurai zilipigwa huko. Baba yake mzee huyu alikuwa fundi wa vifaa vya filamu. Alipofariki aliacha masanduku, na masanduku yale yakakaa darini miaka mingi hadi mzee alipoamua kuyatoa kwa jumba dogo la kumbukumbu la mtaa.

Jumba lilikuwa na sharti moja: lijue kila ubapa umetengenezwa na nini. Japani ina sheria ya silaha ya mwaka 1958. Upanga halisi wenye ubapa wa kuanzia sentimita 15 lazima uwe na hati ya usajili, na ukiukuta ndani bila hati unatoa taarifa polisi. Msimamizi wangu wa masomo, ambaye anafahamiana na watu wa jumba hilo, alinitazama akasema: wewe unasoma uhandisi wa vifaa, nenda ukapime.

Nilikubali haraka. Nimekulia Tanga, na panga za kwanza kuziona zilikuwa kwenye kibanda cha video, msimuliaji akitafsiri kila pigo kwa Kiswahili na kuongeza vichekesho vyake. Sikuwahi kujiuliza zilitengenezwa na nini. Zilikuwa panga tu.

Kabla sijaanza, mzee aliusogeza upanga mmoja kando. Ala yake ilikuwa nyeusi inayong'aa, na mpini umezungushiwa kamba ya hariri. "Huu ni wa kweli," alisema. "Baba aliniambia ulikuwa wa chuma. Alinikataza kuugusa."

Nikauacha uwe wa mwisho.

Panga saba zilikuwa za metali isiyovutwa na sumaku. Hapo ndipo unapomhitaji Archimedes. Tulisimamisha bomba la plastiki lenye maji uani, nikauning'iniza ubapa mmoja baada ya kuuchomoa kwenye mpini. Hewani ulikuwa na gramu 365, majini gramu 235. Tofauti ya 130 ndiyo ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawanya, unapata 2.81. Ungekuwa chuma, ungekaribia 7.85, na ubapa wa ukubwa ule ungekuwa na uzito wa kilo moja hivi. Hii ilikuwa alumini.

Lakini alumini ipi? Chuo kilikuwa kimeniazima kifaa cha eksirei cha mkononi, kinachofanana na drili. Unakielekeza kwenye metali, kinapiga mionzi, na kila elementi inajibu kwa mionzi ya nishati yake yenyewe, kama wanafunzi wanaoitika majina yao asubuhi. Ubapa ule uliitika zinki, kisha shaba kidogo. Mchanganyiko wa aina hiyo ulibuniwa hapa hapa Japani mwaka 1936 kwa ajili ya ndege, na ulitumika kwenye mihimili ya mabawa ya ndege ya kivita ya Zero. Baada ya vita, alumini ngumu za ukoo huo zikapata kazi nyingine, na mojawapo ni kumeta mbele ya kamera mikononi mwa waigizaji. Ni nyepesi, haishiki kutu, na ikisuguliwa vizuri inang'aa kama chuma.

Panga nyingine kumi zilikuwa za mianzi. Wajapani huziita takemitsu. Unachonga mwanzi, unaulainisha, unaubandikia karatasi nyembamba ya metali, unausugua hadi mshono upotee. Kwenye mapigano hutumika hizi, kwa sababu mwigizaji anayepiga watu ishirini kwa dakika moja atakosea tu. Kosa la mwanzi ni alama nyekundu begani. Kosa la chuma ni jingine. Mwishoni mwa mwaka 1988, wakati wa kupiga filamu ya Zatoichi iliyotoka mwaka uliofuata, mwigizaji mmoja alikatwa na upanga wa kweli uliokuwa umeletwa kwenye seti, akafa. Hakuna aliyekusudia. Kwa macho, upanga wa kweli na wa uongo vinafanana. Ndiyo kazi ya upanga wa uongo.

Kwa hiyo nilishtuka uzi ulipopinda.

Haukuwa upanga wa ala nyeusi. Ulikuwa upanga mchakavu, mpini umelegea, ala imefungwa kwa utepe wa gundi. Sumaku iliurukia. Kifaa cha eksirei kilisema chuma, na hakikuweza kusema zaidi, kwa sababu hakioni kaboni, na kaboni ndiyo inayotofautisha chuma cha upanga na chuma cha geti. Tukagonga kijiti cha mwanzi kinachoshikilia mpini, tukaufungua. Kile kipande cha ubapa kinachofichwa ndani ya mpini kilikuwa na kutu nyeusi ya kahawia, kutu ya zamani ambayo hakuna mwenye akili anayeisafisha, maana ndiyo inayosaidia kukadiria umri. Makali yake yalikuwepo.

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba upanga ule ndio wajukuu zake waliokuwa wakiuchezea sikukuu za mwaka mpya, kwa sababu ulionekana umeshaharibika. Alinyanyuka, akaenda kupiga simu polisi. Nilimsikia akitaja anwani yake pole pole, mara mbili.

Aliporudi alikaa karibu yangu. "Sasa ule," alisema.

Niliichomoa ala nyeusi. Ubapa ulikuwa mzuri kuliko yote, hata mawimbi ya kwenye makali yalikuwa yamechorwa. Nilishusha sumaku. Uzi ukabaki umenyooka. Nikaupima kwa mkono na nikajua kabla ya mizani, kwa sababu uzito wote ulikuwa kwenye mpini. Niliangalia mgongo wa ubapa kwa kioo cha kukuza: mshono wa karatasi ya metali ulikuwepo, mwembamba kama unywele. Mwanzi.

Msimamizi wangu amenifundisha kuandika kipimo, si ninachotamani. Lakini hajawahi kunifundisha namna ya kumwambia mtu wa miaka sabini na kitu kwamba baba yake alimdanganya. Nikatafuta maneno ya Kijapani ya heshima, nikayakosa, nikasema tu: "Ni takemitsu, Mzee. Samahani."

Alichukua kioo cha kukuza akatazama mshono kwa muda mrefu. Halafu akasema kwamba utotoni nyumba yao ilinuka gundi ya ngozi, na kwamba baba yake alikuwa akichonga mianzi jikoni usiku, kwa sababu jikoni ndiko kulikokuwa na moto. "Basi huu aliutengeneza yeye," alisema. "Ule wa chuma hakuutengeneza. Aliupata mahali tu."

Jioni, kwenye tramu ya kurudi mjini, nilikuwa nawaza filamu moja ambayo mwenzangu wa maabara alinilazimisha kuitazama: Harakiri, ya mwongozaji Masaki Kobayashi, ya mwaka 1962. Ndani yake kuna samurai kijana asiye na kazi, mke na mtoto wanaumwa. Anauza bapa za panga zake na kutia mwanzi ndani ya ala, ili nje aendelee kuonekana samurai. Baadaye baba mkwe wake anaugundua ukweli, naye analia, kwa sababu yeye upanga wake bado anao. Kuuuza hakukuwahi hata kumjia akilini.

Mara ya kwanza niliitazama kama filamu. Kwenye tramu ile nilimwona baba yangu.

Baba ni fundi wa kuchomelea, Ngamiani. Mageti, grili za madirisha, vitanda vya chuma. Mashine yake ya kuchomelea ilikaa kwenye kona ya karakana, na usiku aliifunika turubai la bluu. Mwaka niliochaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni ya mbali, vitu vyote vilipatikana: ada, godoro, sanduku la bati, nauli. Sikuuliza. Nikiwa likizo ya Desemba niliingia karakana kutafuta spana, nikainua turubai. Chini yake kulikuwa na kreti mbili za soda, moja juu ya nyingine, zimepangwa zifikie kimo kile kile.

Nililirudisha turubai. Nikatoka bila spana.

Baada ya hapo nikaanza kuona mengine. Kwamba mchana baba alipima na kukata, lakini kuchomelea alikwenda usiku, kwa rafiki yake mwenye mashine. Kwamba mteja akiuliza, alisema mashine yake iko kazini nje ya mji. Hakuwahi kuniambia, nami sikuwahi kumwambia kwamba najua. Ilipita miaka tisa.

Nilipofika chumbani nilimpigia. Kwao ilikuwa mchana.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna baridi huko?"

Nikamsimulia panga, kwa sababu anapenda habari za metali. Alitaka kujua hao Wajapani alumini wanaichomeleaje, na kama ile ya ndege inakubali. Nikamwambia haikubali kirahisi, hupasuka. Akafurahi kwamba kuna kitu kinachowashinda na wao. Kisha nikamsimulia upanga wa mwanzi, na kijana wa kwenye filamu. Akawa kimya.

"Baba," nikasema, "ile mashine uliiuza shilingi ngapi?"

Nilisikia mtu akisaga chuma karibu naye, kisha kelele ikakatika.

"Ulijua lini?"

"Likizo ya Desemba. Nilikuwa natafuta spana."

"Na turubai ukalirudisha."

"Nililirudisha."

Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kukohoa. "Ndiyo maana lilikuwa limegeuzwa, upande wa ndani nje. Nilijua kuna mtu kafunua. Miaka yote hii nilidhani ni mwizi, akakuta kreti, akanionea huruma."

Bei hakunitajia. Alisema simu inakula salio langu, nikalale.

Ripoti niliituma wiki iliyofuata. Alumini 7, mwanzi 11, chuma 1. Kwenye jedwali, mbele ya upanga wa ala nyeusi, niliandika mwanzi, karatasi ya metali, gundi ya ngozi ya wanyama. Gundi sikuipima. Chanzo nilichoandika ni mwana wa fundi, aliyeikumbuka kwa harufu.