Mapine ya theluji kwenye barabara ya Luberizi



Ukitazama ramani, Bukavu na Luberizi ni majirani. Ukipanda gari, unajua kwamba majirani hawa wametengwa na mlima. Bukavu iko kwenye ubaridi, kando ya ziwa Kivu, mita 1460 juu ya bahari. Barabara ya taifa namba 5 inapita Nyangezi, kisha inaingia kwenye miteremko ya Ngomo. Hapo njia ni nyembamba: upande mmoja mlima, upande wa pili bonde, na kila kona shofere anapiga honi ili anayepanda amsikie. Mvua ikinyesha, udongo unateleza kama sabuni. Ukifika Kamanyola umeshuka zaidi ya mita 500, na watoto wanaanza kuvua masweta. Halafu ni tambarare ya Ruzizi: Luvungi, Bwegera, na hapa kwetu Luberizi, penye mchele, mihogo, mahindi na nyanya.

Kwa hiyo gari moja, kwa siku moja, linakutana na matope, mawe na joto kali. Pine ndilo linabeba hayo yote. Sehemu ya pine inayogusa ardhi ni kama kiganja cha mkono tu. Viganja vinne vinabeba wamama, watoto wao na magunia.

Ninaandika juu ya jambo hili kwa sababu ya swali lililoletwa kwangu na wamama wa MUSO moja ya hapa. Wana kamionete ya pamoja, waliyoinunua kwa akiba ya miaka mingi, na mapine yake yalikuwa yamekwisha. Mchuuzi mmoja kule Bukavu aliwaonyesha mapine yaliyotumika Ulaya, ya namna mbili. Ya kwanza yalikuwa na misumari midogo ya chuma kwenye meno yake. Ya pili hayakuwa na misumari. Aliwaambia kwamba yenye misumari ni bora kwa Ngomo, kwa kuwa chuma kinashika. Bei yake ilikuwa juu, na sanduku la kikundi lingebaki tupu. Waliniuliza: mwalimu, tuchukue yapi?

Namna zote mbili zilikuwa na alama moja ubavuni: mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Alama hiyo maana yake ni pine la majira ya baridi. Mapine ya namna hiyo yalianza Finland, mwaka 1934, kwa ajili ya malori. Baadaye, katika miaka ya 1960, misumari ikaenea, kwa ajili ya barafu. Barafu ni ngumu na laini kama kioo. Msumari unaichoma kidogo na gari halitelezi.

Ndugu zetu waliohamia Kanada au nchi za kaskazini mwa Ulaya wanalijua swali hili vizuri. Kule Québec, sheria inalazimisha mapine ya baridi tangu tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, na misumari inaruhusiwa kuanzia 15 Oktoba hadi 1 Mei tu. Ujerumani ilikataza misumari tangu mwaka 1975, kwa sababu inakwangua lami na kuichimba. Kwao anayeishi kijijini penye barafu nyingi huchagua misumari. Anayeishi mjini, ambako theluji inaondolewa barabarani, huchagua yasiyo na misumari. Ni uchaguzi wa akili kabisa, kwa barabara yao.

Sasa turudi Ngomo. Msumari unatokeza nje kiasi cha milimita moja hivi. Barafu inahitaji hiyo milimita moja. Matope yetu yana kina cha kidole, mara nyingine cha mkono mzima. Msumari unazama humo bila kushika kitu. Kinachosaidia kwenye matope ni meno makubwa yaliyoachana, yenye mifereji mirefu, ili pine likizunguka lirushe matope nje. Mifereji ikijaa matope, pine linakuwa kama limepakwa mafuta. Na juu ya mawe makavu, chuma kinateleza badala ya kushika, kisha kinang'oka na kuacha matundu.

Je, yale yasiyo na misumari? Hayo pia si yetu. Mpira wake umetengenezwa laini ili usikauke baridi inaposhuka chini ya digrii 7. Hapa Luberizi hatujui baridi ya namna hiyo hata usiku. Kwenye joto letu, mpira laini unaisha haraka kama kifutio cha mwanafunzi, na gari lenye mizigo linayumba kwenye kona.

Kwa hiyo jibu langu kwa wamama lilikuwa: si haya, si yale. Tafuteni pine la kawaida la gari la mizigo, lenye meno ya matope, hata kama mtanunua mawili tu kwanza. Walikubaliana hivyo. Mawili mapya yakawekwa nyuma, kwa kuwa nyuma ikiteleza gari linageuka na kumshinda shofere. Mawili mengine yatangojea mgao ujao, na mpaka siku hiyo kamionete inashinda tambarare tu, haipandi Ngomo wakati wa mvua. Wengine walinung'unika, kwa sababu bei ya mchele ni nzuri zaidi Bukavu. Lakini walikubali.

Ninyi mnaonunua, au mnaolipa nafasi tu, angalieni mambo haya manne:

Kwanza, umri. Ubavuni, baada ya herufi DOT, mwishoni kuna namba nne. 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Pine linaweza kuwa na meno mazuri na bado mpira wake umezeeka. Ukiona nyufa ubavuni, liache.

Pili, kina cha meno. Chukua njiti ya kibiriti, ingiza kichwa chake kwenye mfereji. Kama kichwa hakizami chote, pine hilo si la matope tena.

Tatu, upepo. Pine lenye upepo kidogo linajikunja, linapata moto, linapasuka, hasa kwenye joto la tambarare likiwa limebeba mizigo. Pimeni asubuhi, pine likiwa baridi. Kipimo mara nyingi kimeandikwa kwenye mlango wa shofere. Usikubali wapunguze upepo mchana kwa sababu pine limekuwa moto. Likipoa litabaki na upepo mdogo.

Nne, mizigo. Kila pine lina kiasi linachoweza kubeba. Namba 91, kwa mfano, ni kilo 615. Gunia la ziada juu ya gari si faida kama linatuletea msiba.

Pia ulizeni habari ya barabara kabla ya kuondoka. Wenye karatasi za kuvuka mpaka hupita upande wa Rwanda, kwa lami ya Bugarama, wakatokea Kamanyola bila kuiona Ngomo. Inagharimu muda wa mpaka na pesa kidogo, lakini siku za mvua kubwa inafaa kuifikiria. Na kama mmekwisha fika kwenye mteremko na gari linaanza kuteleza, ombeni kushuka. Kutembea na mtoto mgongoni kwa dakika ishirini hakujawahi kumwaibisha mama yeyote.

Mimi hupita njia hiyo kila mwisho wa muhula, pamoja na watoto wangu wawili. Kabla ya kulipa ninazunguka gari mara moja nikitazama chini. Mashofere fulani wanacheka: «Mwalimu anasahihisha mapine!» Wanacheka, lakini siku hizi kuna wengine wanaoniita wenyewe nije kuona waliyonunua. Tukizunguka gari sote, kila safari, tajiri wa gari atajua kwamba pine bovu linamfukuzia abiria.

Tukutane sokoni salama.