Jicho la Juu ya Geti

Utotoni mwangu Tabata, Dar es Salaam, uzio wetu ulikuwa michongoma, na kila mtoto alijua tundu la kupenyea. Ulinzi aliushika balozi wa nyumba kumi, mama mmoja aliyeshinda barazani akichambua mchele. Mgeni mwenye begi hakupita bila kuulizwa, "Unamtafuta nani, mwanangu?" Mabalozi wale walikuwa wa chama tangu enzi za TANU, ila kwetu alikuwa mtu anayejua nani kalala wapi.

Baadaye likaja sungusungu, jeshi la jadi lililoanzia Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 dhidi ya wezi wa ng'ombe, kisha likaingia mijini. Kila nyumba ilitoa mtu wa zamu, na filimbi ikilia watu walitoka na chochote kilichokuwa karibu. Siku hizo pia mtu asiye na hatia aliweza kupigwa kwa kuitiwa "mwizi" tu, jambo ambalo wanaozililia hawalitaji.

Kuta ziliota polepole. Matofali kwanza, juu yake vipande vya chupa, kisha nondo madirishani, kisha nyaya za umeme. Ukuta ulipofika usawa wa paa, balozi hakuona tena kitu kutoka barazani kwake.

Kamera alizitaka dada, anayeishi Muscat, baada ya jirani kuibiwa pampu ya maji. Fundi alizinunua Kariakoo: nne za megapikseli 2, mashine ya kurekodia na diski ya terabaiti 1, ambayo huhifadhi wiki mbili hivi kisha hujifuta kwa kuandika picha mpya juu ya za zamani. Alitushauri tununue na UPS, maana umeme ukikatika usiku kamera nazo hulala. Hakutuambia habari za buibui. Wadudu huizunguka kamera usiku, wadudu humvuta buibui, naye hufuma utando mbele ya lenzi. Utando ule hung'aa mweupe kwenye mwanga wa infraredi wa kamera, na simu ya dada huita kwamba kuna mtu getini. Siku hizi ufagio wa kamera una msumari wake ukutani.

Kamera ya nyuma iliona hadi uani kwa jirani, anapoanika nguo. Alikuja mwenyewe, kwa upole, na fundi akaweka kiraka cheusi kwenye sehemu ile ya picha. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hakuna aliyeitaja siku hiyo. Kilichotosha ni kwamba alibisha hodi.

Aliyebadilika zaidi ni mama. Dada humpigia: "Mama, mbona geti liko wazi?" Mwanzoni alikasirika, akasema hajawahi kulindwa na mtoto. Sasa asubuhi husimama chini ya kamera, hujitengeneza kanga na kuamkiwa kwa simu.

Mwaka jana mtu aliruka ukuta akachukua baiskeli. Kamera ilimnasa vizuri, uso mzima. Tuliipeleka picha polisi, tukaituma kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na hakuna aliyemtambua. Mama akamtaka kijana wa jirani ampelekee simu balozi wa zamani, ambaye sasa haoni vizuri. Balozi akamwomba kijana amweleze mtu huyo anatembeaje.