Usiku Nilipofungua Begi la Mume Wangu

Wanawake wengi hufungua begi la mume wakitafuta namba ya mwanamke mwingine. Mimi nilifungua la wangu nikitafuta kitu ambacho mpaka leo naona haya kukiandika: ushahidi kwamba mwanaume niliyelala naye kitanda kimoja kwa miezi minane alikuwa gaidi.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiishia hapo mtanitukana kabla hamjanijua.

Mimi ni Mtaita wa Wundanyi, Mwanglikana wa kuimba kwaya. Yeye ni Msomali wa Kenya, kazaliwa Pumwani na kulelewa Isilii. Tulikutana darasa la jioni la uhasibu. Siku ya mtihani kikokotoo changu kilikufa, akanipa chake, yeye akapiga hesabu kwa kichwa. Bado akanipita kwa alama saba. Mwanaume kama huyo unamwachaje?

Jumamosi ya 21 Septemba 2013, Al-Shabaab walipoingia Westgate na kuua watu 67, tulikuwa wachumba. Manusura walisimulia jinsi walivyoulizwa maswali ya dini ili ijulikane nani Mwislamu na nani siye. Mwenzangu alisikia hayo kwenye redio ya matatu, jioni akaniambia, "Hawa wameniibia jina langu." Mimi nikadhani ni maneno ya uchungu tu.

Nilimwelewa Aprili iliyofuata. Tarehe 31 Machi 2014 milipuko iliua watu sita Isilii. Siku chache baadaye serikali ilianzisha operesheni iliyoitwa Usalama Watch. Watu karibu 4,000 walikamatwa, wengi wao Wasomali, na wengine wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchunguzwa. Kwa mama mkwe wangu waligonga saa nane usiku. Kitambulisho cha mwenzangu wakakimulika kwa tochi, wakasema ni bandia. Huyu ni mtu anayekatwa kodi kila mwezi kabla hajaiona mishahara yake, jamani.

Alilala kituoni usiku tatu. Ibara ya 49 ya Katiba yetu ya 2010 inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kama muda huo unaishia nje ya saa za kazi, basi siku ya mahakama inayofuata. Mimi nilikuwa nimeiweka Katiba nzima kwenye simu, nikidhani, kwa ujinga wangu, kwamba nitamsomea mtu. Askari wa kaunta alinitazama, akatazama msalaba shingoni mwangu, akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Dada, wewe wa kwetu, unatafuta nini kwa hawa?"

Siku ya nne kaka yake alipeleka kitu kidogo, ambacho kwa kweli hakikuwa kidogo, akaachiliwa. Hakuna shitaka, hakuna karatasi, hakuna pole. Alipofika nyumbani alioga mara mbili, akalala, na hatukulizungumza tena. Agosti tulifunga ndoa ya serikali. Nilivaa nyeupe, hooyo, yaani mama yake, akanipaka hina mpaka kwenye viwiko, na mama yangu akalia kwa sababu ambazo hakutaka kuzitaja.

Lakini lile tulilokataa kulizungumza lilihamia nasi. Akawa mkimya. Akawa anaamka alfajiri kuswali, jambo ambalo zamani lilimshinda. Simu za Kisomali alizipokelea barazani. Begi lake la kazini halikuachwa popote, hata akienda dukani kununua maziwa alilining'iniza begani.

Kisha Alhamisi, 2 Aprili 2015, wakaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, wakiwatenga Wakristo na Waislamu kama mtu anayechambua mchele. Mmoja wa wauaji alikuwa msomi wa sheria, kahitimu Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera. Baba yake alikuwa ametoa taarifa mapema kwamba mwanawe ametoweka. Hilo la baba nililisoma haraka haraka nikalipita. Kilichonimaliza ni picha ya kijana katika suti na tai. Mpaka hapo, gaidi kichwani mwangu alikuwa mtu wa msituni. Sasa alikuwa na digrii na viatu vilivyong'arishwa, na angeweza kuwa anaoga kwenye bafu langu.

Na mwenzangu kweli alikuwa anaoga. Begi lilikuwa juu ya kiti.

Ndani mlikuwa na faili ya plastiki. Nakala za kitambulisho chake, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha marehemu baba yake, cheti cha darasa la nane, barua ya kazi, cheti chetu cha ndoa, na nakala ya kitambulisho changu mimi, nikiwa na ule uso wa kushangaa. Chini kabisa, noti tano za elfu moja zimekunjwa ndani ya karatasi. Nilielewa mara moja ni za nini. Mume wangu alikuwa anatembea na kesi yake yote begani, akingoja kukamatwa tena.

Nilipoinua macho alikuwa mlangoni na taulo.

"Umemaliza?" akauliza. "Mfuko wa mbele bado hujaangalia."

Akaja, akaufungua mwenyewe. Peni, tasbihi, tiketi ya matatu. Halafu akainua mikono juu, kama tunavyofanya sote mlangoni mwa maduka makubwa, akangoja nimpapase.

Dada zangu, nimeshapigiwa kelele na mabosi, nimeshaachwa na mpenzi kwa ujumbe wa simu. Hakuna kilichowahi kuniumiza kama ile mikono.

Alikaa kwa mama yake siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili hooyo alikuja naye, akaketi sebuleni kwangu na chupa ya chai ya iliki, akasema mimi sikukosea kuuliza. "Kuuliza uliza. Lakini uliza ukiwa umekaa. Anayeuliza amesimama ni askari." Tukakaa. Nikamuuliza yote, hata ya aibu. Simu za barazani zilikuwa za binamu yake ambaye alikuwa amekamatwa Isilii mara mbili baada yake, na ambaye alikuwa ameanza kusema maneno ya kutisha. Mume wangu alikuwa akimbembeleza usiku baada ya usiku asiende. Hakuniambia kwa sababu alijua nitakachofikiri, na kwa kweli ndicho nilichokifikiri.

Kwa hiyo nyumbani mwangu kulikuwa na mtu anayepigana na Al-Shabaab kwa simu, kwa gharama ya vocha zake mwenyewe, nami nikampekua.

Desemba ile, tarehe 21, basi la Mandera lilitekwa karibu na El Wak. Mwaka uliotangulia, Novemba, abiria 28 waliuawa kwenye basi jingine la Mandera baada ya kutengwa. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa. Kinamama waliwapa hijabu zao wenzao Wakristo, na washambuliaji wakaambiwa wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Nairobi Januari 2016. Usiku ule mume wangu aliitazama habari hiyo nami kwenye sofa moja, kwa mara ya kwanza tangu Westgate.

Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilichapisha utafiti uliowahoji Waafrika waliojiunga na makundi haya kwa hiari. Asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki, kuwa ndicho kilichowasukuma hatua ya mwisho. Mimi si mpinzani wa polisi. Nataka begi langu likaguliwe nikiingia sinema, na nawaombea askari walioko mpakani. Ila niliposoma namba ile niliwaza usiku tatu za mwenzangu, nikawaza binamu yake, na nikaona jinsi tulivyokaribia.

Binamu hakwenda. Sasa ana duka la simu, na bado ana mdomo.

Februari 2025 Rais alitangaza Wajir kwamba ule msasa wa ziada kwa watu wa kaskazini wanaoomba vitambulisho umekwisha. Nilimsomea mume wangu habari hiyo kwa furaha. Akasema, "Alhamdulillahi," akaendelea kupiga pasi shati. Wiki iliyofuata nilitoa nakala ya cheti cha kuzaliwa cha binti yetu kwa ajili ya shule. Aliuliza kama nimetoa moja tu. Nikamwambia nimetoa mbili. Akanyoosha mkono, akaichukua ya pili, akaitia kwenye faili.