Ndege wa Uani Mwetu

Msomaji, macho ni mali ambayo wengi wetu huzaliwa nayo, lakini ni wachache wanaoitumia. Mtu aweza kukaa katika nyumba moja miaka ishirini, akajua idadi ya mabati ya paa lake na bei ya kila kitu sokoni, asijue ni nani aimbaye dirishani pake kila alfajiri. Nakiri kwamba mimi nalikuwa mtu wa namna hiyo. Nataka kukueleza jinsi nilivyopona ugonjwa huo, na gharama niliyolipa, maana dawa ya bure ni adimu.

Nyumba yetu iko Gakoromone, katika mji wa Meru, mahali ambapo hapana mtu awezaye kudai kwamba anaishi katika kimya. Soko liko karibu. Kabla ya jua kuchomoza magari huwasili na ndizi, viazi, kabichi na maharagwe; wachukuzi huomba njia, na makanga wa matatu huita abiria. Nyuma ya nyumba tuna uwanja mdogo wenye migomba michache, mpapai, mparachichi na mringaringa mmoja mkubwa, mti ambao Wameru huuita muringa. Baba yangu aliukuta umesimama alipokuja kujenga hapa. Uchanuapo, maua yake meupe huwa mengi hata hudhani umetandikwa shuka.

Katika utoto wangu naliwajua ndege kwa shabaha, sikuwajua kwa majina. Nalikuwa na manati na mfuko wa kokoto, na kila ndege aliyetua mbele yangu alikuwa na jina moja tu: kitoweo. Nilipokua manati yalipotea, lakini ujinga ulibaki.

Mwaka mmoja, katika mwezi wa Novemba, binti yetu alikuwa akingojea kuingia shule ya sekondari, na karo yake ilikuwa haijapatikana. Mke wangu, ambaye anajua hesabu kuliko mimi, alitoa shauri jema: tuukate mringaringa, tuuze mbao zake, na mahali pake tujenge vyumba vinne vya kupangisha. Majirani wengi walikuwa wamekwisha kufanya hivyo. Mpasuaji mbao akaja, akauzungushia mti kamba, akataja bei nzuri, kwa sababu mbao za mringaringa hupendwa sana na maseremala. Nilikubali. Niliomba muda wa juma moja tu, si kwa hekima, bali kwa uvivu wa kuhamisha kuni zilizokuwa zimepangwa chini ya mti.

Siku ya kwanza nilitoka na kikombe cha chai nikaketi juu ya kuni hizo, nikizitazama kwa huzuni ya mtu mvivu. Kwarara walikuwa wamekwisha kupita juu ya paa na kelele zao, ambazo huamsha mtaa mzima. Nilipoinua uso niliona kuzumburu sita wameninginia katika matawi, matumbo yao yameelekea jua, mikia yao mirefu imelegea chini, kama soksi zilizoanikwa. Nalikuwa nikiwachukia ndege hawa kwa wizi wa mapapai yangu, lakini sikuwa nimeuliza hata siku moja kwa nini hukaa hivyo. Baadaye nilijifunza sababu. Chakula chao ni matunda na majani, na usiku wa miteremko ya Mlima Kenya ni wa baridi. Asubuhi huota jua matumboni ili miili yao ipate joto na chakula kisagike. Mwizi wangu alikuwa mtu wa mpango kuliko mimi.

Siku ya pili nilichukua daftari. Shore alikuja, yule ndege mwenye kichwa cheusi na rangi ya manjano chini ya mkia, ambaye huimba mapema kabla ya wengine. Wakaja tetere, na chozi wa kifua chekundu, na mnana wa manjano na weusi. Mnana dume alikuwa anasuka kiota katika ncha ya tawi. Alichana ukanda mwembamba wa jani la mgomba, akaruka nao ukipepea nyuma yake, akaufunga fundo kwa mdomo. Wahenga walisema kwamba kila ndege huruka na ubawa wake. Mimi niliona kwamba kila ndege ana kazi yake pia, na saa yake ya kuifanya.

Siku ya nne mke wangu alitoka na ufagio mrefu kuondoa utando wa buibui juu ya dirisha la jikoni. Nilimwashiria anyamaze. Chozi jike alikuwa ameshika hewa mbele ya dirisha, akivuta nyuzi za utando ule kwa mdomo wake uliopinda. Ndege huyu hufunga kiota chake kwa nyuzi za buibui, ambazo ni nyepesi, hunata na hunyumbuka. Mke wangu aliegemeza ufagio ukutani.

“Baba watoto,” aliniambia kwa sauti ndogo, “basi amalize kwanza. Nitafagia jioni.”

Kesho yake alitoka na kikombe chake mwenyewe.

Mwisho wa juma daftari lilikuwa na aina kumi na tisa za ndege, na kumi na nne kati yao walikuwa wameutumia mringaringa kwa kula, kulala au kujenga. Usidhani kwamba idadi hiyo ni ya ajabu. Nchi ya Kenya ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na katika mji wa Nairobi matembezi ya kuwatazama yamekuwa yakifanywa kila Jumatano asubuhi tangu mwaka 1971, yalipoanzishwa na Bibi Fleur Ng’weno. Ajabu ilikuwa kwamba wote kumi na tisa walikuwako siku zote, na mimi ndiye niliyekuwa sipo.

Kati ya hao walikuwamo wageni wawili ambao napenda uwajue. Wa kwanza ni mbayuwayu mwenye koo jekundu, ambaye huzaa Ulaya na Asia, akaja kwetu baridi ianzapo huko. Wa pili ni kindege cha rangi ya majani yanayonyauka, chenye uzito wa gramu 10 hivi, ambacho hupekua wadudu majanini bila kutulia. Nacho huzaa huko kaskazini, na huvuka jangwa la Sahara ili kufika huku.

Katika Uingereza palikuwa na kasisi jina lake Gilbert White, aliyeishi katika kijiji cha Selborne na kuandika habari za viumbe wa kijiji chake. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1789 na kingali kinasomwa hata leo. Kwa kusikiliza alitambua kwamba vindege vilivyodhaniwa kuwa aina moja vilikuwa aina tatu, kwa kuwa nyimbo zao zilitofautiana. Na mojawapo ya aina hizo ndiyo hiyo inayopekua mringaringa wangu. Walakini, mtu huyu hodari hakuwa na hakika mbayuwayu huenda wapi wakati wa baridi. Alishuku kwamba baadhi yao hujificha na kulala mpaka joto lirudi. Shaka za namna hiyo zilikata tamaa baadaye. Mbayuwayu aliyevishwa pete mguuni katika Uingereza mwezi wa Mei 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, mwezi wa Desemba 1912. Fikiri, msomaji: jambo lililomtatiza mwanachuoni huyo, mchunga mbuzi wa Afrika aliliona nusu yake kila mwaka juu ya kichwa chake. Mmoja aliwaona wakiondoka, mwingine aliwaona wakifika, na hawakuwa na njia ya kuulizana.

Mpasuaji mbao alirudi siku aliyoahidi, na msumeno wake. Katika kiota cha mnana mwingine makinda yalikuwa yanalia. Mke wangu nami tulitazamana, kisha yeye ndiye aliyesema kwamba mti hautakatwa. Mtu yule alicheka, nasi tulistahili kuchekwa. Tulijenga vyumba viwili upande wa mparachichi badala ya vinne, na karo ya binti yetu tuliilipa kidogo kidogo, muhula mzima, kwa aibu mbele ya karani. Sikufichi: mpaka leo kila mwisho wa mwezi twakosa kodi ya vyumba viwili, na iko miezi ambayo kodi hiyo ingalitufaa sana. Sisemi kwamba kila mti usikatwe. Nasema kwamba mtu asiuze kitu kabla ya kujua ni kitu gani anachouza.

Wewe huhitaji darubini wala safari ya kwenda mbugani. Chagua mahali pamoja, hata kama ni ukuta wa bweni au kichaka cha nyuma ya jiko la shule. Fika hapo saa ile ile kila siku, kwa dakika kumi. Keti bila kutikisika. Andika tarehe, rangi, umbo la mdomo, na kazi ambayo ndege anaifanya. Jina litakuja baadaye, kwa kuuliza wazee na kusoma vitabu. Usiguse kiota, wala usikaribie sana, maana mzazi akitishwa aweza kuyaacha makinda.

Binti yetu, ambaye karo yake ilikuwa mezani pamoja na mti huo, alipofunga shule mara ya kwanza alilichukua daftari langu akalisoma lote kimya. Nalikuwa na hofu ya neno atakalosema. Alichukua kalamu, akaenda nje, na aliporudi ukurasa ulikuwa na namba ishirini. Alikuwa amemwona gogota katika tawi kavu, upande wa mti ambao mimi sikuwahi kuutazama.