Gobore lililofichwa halijahifadhiwa

Mtoto akitoka likizo kwa babu yake hurudi na mengi ya kusimulia. Atakwambia ng'ombe aliyezaa, samaki aliyeponyoka kwenye ndoano, na ugali wa muhogo ulivyo mtamu ukiliwa na maziwa mgando. Mvulana mmoja wa miaka kumi, wa mtaa wa Kitaji mjini Musoma, alirudi akiwa kimya. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa bandeji na ndani yake vilibaki vidole vitatu.

Ilikuwa likizo ya katikati ya mwaka 2022. Mama yake, mfanyabiashara wa dagaa, alimpeleka kwa wazazi wake kijijini, upande wa Bunda, ambako mashamba ya mihogo na mtama yanapakana na pori. Huko tembo wakivuka usiku mmoja, jasho la msimu mzima limekwisha. Kinachobaki, nyani wanakimaliza mchana.

Ndiyo sababu gobore lilikuwamo katika nyumba ile tangu mama huyo akiwa msichana. Halikuwa na leseni. Lilikaa darini, juu ya kitanda cha babu, limeviringishwa kwenye gunia, na hakuna aliyelitaja. Kwa mzee, kutolitaja ndiko kulikuwa kulihifadhi.

Lakini mama yule alijua lilipo tangu akiwa na miaka saba. Yeye na kaka yake waliwahi kulishusha wazazi wakiwa shambani, wakalishika, wakalirudisha. Siri hiyo hawakuwahi kumwambia baba yao. Siku aliyompeleka mwanawe, gobore lilimjia akilini. Alitaka kuuliza, "Baba, lile bado lipo?" Akaona aibu. Binti hamhoji mzee habari za silaha yake. Akaaga, akapanda gari, akarudi Musoma.

"Halina kitu hilo"

Siku ya nne babu alikwenda mnadani na bibi alikuwa akipalilia. Mvulana na binamu yake wa miaka kumi na miwili walipanda juu ya kitanda. Mkubwa akamtoa wasiwasi mdogo wake: "Halina kitu hilo." Mdogo akashika mtutu karibu na mdomo wake, akauvuta kuelekea kwake. Uzi wa gunia ulikuwa umenasa kwenye nyundo ya gobore. Nyundo ikavutika nyuma, ikarudi. Bibi alisikia mlio akiwa shambani.

Anayelijua gobore ataelewa kwa nini maneno yale ya binamu ni ya hatari. Gobore halina magazini ya kuchomoa, wala huwezi kulifungua ukatazama kama lina risasi. Baruti humiminwa kupitia mdomo wa mtutu, kikashindiliwa kitambaa, kisha gololi au vipande vya chuma. Fataki ndogo huwekwa nyuma, chini ya nyundo. Likishashindiliwa, njia rahisi ya kulitoa baruti ni kulifyatua. Basi mwenye shamba aliyekesha akisubiri tembo ambao hawakuja, asubuhi hulirudisha ndani likiwa limejaa. Linaweza kukaa hivyo wiki nzima au mwezi, na kwa macho huwezi kulitofautisha na tupu.

Tusidhani kosa hili ni la watoto wa vijijini peke yao. Oktoba 21, 2021, huko New Mexico, Marekani, mpiga picha za sinema Halyna Hutchins aliuawa kwenye eneo la kurekodi filamu ya Rust. Bastola aliyoishika mwigizaji Alec Baldwin ilitangazwa kuwa haina risasi ya kweli, na palikuwa na mtu aliyeajiriwa kwa kazi ya kutunza silaha. Risasi ya kweli ilikuwamo.

Kwa sababu hiyo, kanuni ya kwanza anayofundishwa mtu yeyote anayeshika silaha ni kuihesabu kuwa imejaa siku zote. Ya pili, usiuelekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiua, hata kwa utani. Ya tatu, kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka umeamua kupiga. Ya nne, ujue unachokilenga na kilicho nyuma yake.

Uongo wa hospitali

Bibi alifanya jambo moja la maana. Alikunja kanga yake, akaukandamiza mkono wa mtoto kwa nguvu na hakuachia njia nzima juu ya bodaboda. Jirani alikuja na mafuta ya taa na mwingine masizi ya chungu. Akawakatalia wote.

Walipofika hospitali, hofu ya polisi ikatawala. Mjomba alisema betri ya redio imelipuka. Daktari aliutazama mkono, akaona vitone vyeusi vya baruti kwenye ngozi, akauliza tena. Mjomba akarudia betri. Mama alipofika kutoka Musoma, daktari alimwita pembeni. "Dada, sikuulizi ili mtu afungwe. Nataka kujua kilichoingia mle ndani."

Mama akasema, "Ni gobore la baba."

Picha ya eksirei ilionyesha kipande cha chuma karibu na kifundo cha mkono, mbali na pale jeraha lilipoonekana. Mtoto akaingizwa chumba cha upasuaji. Jeraha la gobore lina uchafu wake: baruti, kutu na nyuzi za kitambaa huingia ndani ya nyama pamoja na chuma. Mganga asiyeambiwa ukweli anaweza kushona juu na kuacha hayo yaoze chini. Pepopunda nayo hupenda majeraha ya namna hiyo, na ndiyo maana kinga yake ni sehemu ya matibabu.

Fomu ya polisi, PF3, ilijazwa. Mzee aliitwa kutoa maelezo na gobore likabaki kituoni. Mambo yote waliyoyaogopa yalitokea, na mtoto akapona.

Ungetuambia

Kwa wiki kadhaa mama yule hakupokea simu ya baba yake. Mzee alikuja mwenyewe Kitaji, na kiroba cha mihogo begani. Alikaa muda mrefu akimtazama mjukuu wake akijifunza kufunga vifungo vya shati. Kisha akamuuliza binti yake, "Mama, wewe ulijua lilipokuwa?"

"Tangu nina miaka saba, baba."

"Mbona hamkuniambia?"

"Na wewe ungetuambia."

Mzee hakujibu. Lakini Septemba ilipofika, Serikali ikatangaza msamaha kwa watakaosalimisha silaha haramu kwa hiari, yeye ndiye aliyewafuata wenzake. Septemba ni mwezi ambao Umoja wa Afrika umeutenga kwa kazi hiyo. Aliwaeleza yaliyompata bila kuficha, na wawili kati yao wakapeleka magobore yao.

Kwa familia yenye silaha halali, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mmiliki awe na leseni na aitunze silaha yake salama. Salama maana yake ni kuondoa risasi, kuifungia kwa kufuli, na kuzifungia risasi mahali pengine. Juu ya kabati, chini ya godoro na darini ni mahali ambapo kila mtoto wa nyumba hiyo ameshapekua.

Ajali ikitokea, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi na usiachie kila mara kuangalia. Usichomoe kitu kilichozama. Damu ya mkono au mguu isipokoma, funga kitambaa kipana kwa nguvu juu ya jeraha, ukumbuke saa uliyofunga. Mlaze mgonjwa, mfunike, mkimbizeni hospitali, na mseme ukweli.

Mzazi anayempeleka mtoto likizo huuliza kama kuna chandarua, kama maji ya kunywa yanachemshwa, kama kisima kina mfuniko. Mama wa Kitaji sasa ana swali la nne, na humuuliza kila mwenye nyumba kabla hajashusha begi la mwanawe. Anasema aibu yake huwa ya dakika moja tu.