Barua Yenye Muhuri

Kazi yangu ya kwanza hapa Kamina ilikuwa kupokea barua. Nilitoka shule ya sekondari, sehemu ya biashara na utawala, nikiwa najua kupiga taipu, na biro moja, yaani ofisi, ya serikali ilihitaji mtu wa kukaa kwenye sekretarieti. Nilipewa meza, muhuri wa tarehe, kisanduku cha wino na daftari kubwa lenye jalada gumu. Kila barua iliyoingia niliipa namba, nikaandika tarehe, jina la aliyeituma, jambo lake kwa ufupi na mahali ilikopelekwa. Barua iliyotoka ilipitia daftari la pili, lile ambalo mpeleka barua hulibeba kwapani toka biro hadi biro, na kila anayepokea hutia sahihi mbele ya namba yake. Mkubwa wangu alikuwa mzee aliyeianza kazi hiyo kabla ya uhuru wa 1960. Alinifundisha kwamba barua isiyo na namba haijafika, hata kama iko mezani na kila mtu ameisoma.

Wakati ule nchi iliitwa Zaire na jimbo letu liliitwa Shaba. Kamina ilikuwa makao ya wilaya tu. Reli inayotoka Lubumbashi hugawanyika hapa kwetu: njia moja huenda Ilebo kwenye mto Kasai, nyingine huenda Kabalo, na toka huko Kalemie na Kindu. Mafaili nayo yalipanda treni. Mwalimu akija kuulizia cheo chake, mjane akija kuulizia haki za marehemu mumewe, jibu lilikuwa tayari: "Faili lako liko Lubumbashi." Mara nyingi ilikuwa kweli. Niliwaona watu wakikunja karatasi zao na kuondoka bila neno.

Miaka ya tisini mishahara ilikatika. Niliacha biro, nikauza sokoni samaki wakavu wa maziwa ya Upemba, watoto wakasoma. Baadaye redio ya mji ikatafuta mtu anayeandika Kifaransa sawasawa na kusema Kiswahili na Kiluba, nami nikaingia. Nimetangaza bei ya mahindi, kuchelewa kwa treni, kipindupindu, uchaguzi. Kazi iliyonifunza kuliko zote, hata hivyo, ni kudai karatasi ambayo ofisi ya serikali haikutaka kuitoa.

Mwaka 2015 Katanga, kama Shaba ilivyoitwa tena, iligawanywa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Tanganyika na letu, Haut-Lomami, lenye teritwari tano za Kamina, Bukama, Kabongo, Kaniama na Malemba-Nkulu. Tulifurahi. Gavana atakaa hapa, bunge la jimbo litakaa hapa, na mafaili yatakaa hapa. Mafaili yalikaa kweli, lakini kabati lilikuwa na kufuli. Jibu la zamani lilipoisha, likaja jipya: "Hizo ni karatasi za ndani."

Nililisikia jibu hilo kwa sababu ya mchanga. Shule moja ya msingi ya pembeni mwa mji ilikuwa ikijengwa upya kwa fedha za serikali. Wazazi waliambiwa walete mchango wao, yaani mchanga, na kila Jumamosi akina mama walishuka kijitoni na kupanda nao kichwani, ndani ya beseni, wengine mtoto mgongoni. Katiba yetu, ibara ya 43, inasema elimu ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali ilikuwa imeanza kuitekeleza ahadi hiyo. Akina mama hao hawakuwa wavivu. Walikuja redioni wakiwa na swali moja tu, na aliyelitamka alikuwa na unga wa mchanga hadi kwenye nyusi: "Yaya, utuulizie: mchanga huu serikali haijaulipia tayari?"

Jibu la swali hilo lilikuwa kwenye ukurasa mmoja wa devi, ile hesabu ya kazi inayotaja kila kitu kitakachonunuliwa na bei yake. Nilikwenda kwenye ofisi iliyosimamia ujenzi. Shefu alinipokea kwa heshima na kunipa kiti.

"Mama, karatasi hizo ni za ndani. Haziwezi kutoka."

"Sawa, Shefu. Basi niandikie kwamba haziwezi kutoka."

Hakuandika. Alisema hakuna haja, tumeelewana. Hapo ndipo nilipoiona nguvu yote ya kukataa kwao. Neno la mdomo halina tarehe, halina namba wala sahihi. Kesho atakana kwamba ulikuja, na hakuna hakimu duniani anayeweza kulipima. Mtu anayenyimwa kwa mdomo amenyimwa mara mbili: amekosa hati, na amekosa ushahidi kwamba alinyimwa.

Tukaandika barua. Kamati ya wazazi iliitia sahihi, na akina mama wasiojua kuandika walitia kidole. Tuliitegemeza juu ya ibara mbili za Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Ibara ya 24 inampa kila mtu haki ya kupata habari. Ibara ya 27 inampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kuiandikia serikali ombi, na serikali inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu. Ibara hiyohiyo inakataza mtu kushtakiwa kwa sababu ya ombi lake. Niliisoma kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kiluba, kabla ya mtu yeyote kuchovya kidole kwenye wino, kwa maana hofu ilikuwapo na ilikuwa na sababu zake.

Pale sekretarieti kijana alinyoosha mkono. "Mniachie tu. Shefu ataiona." Bila muhuri, bila namba. Maneno hayo niliyajua kwa undani wake: barua ile ingekaa chini ya nyingine hadi isahaulike, na miezi mitatu isingeanza kuhesabiwa kamwe. Lakini nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimenunua daftari la shule, nikalipiga mistari kwa rula, nikaandika juu ya safu: namba, tarehe, anayepelekewa, jambo, sahihi. Nikalifungua mbele yake kwenye ukurasa wake, nikaweka kalamu katikati. Mkono wa mtu aliyezoea sekretarieti huijua safu ya mwisho. Alitia sahihi, kisha akatazama akina mama waliosimama nyuma yangu, akachukua muhuri na kuupiga kwenye nakala yetu. Tarehe ilitokea wazi.

Wakili mmoja wa hapa mjini, aliyekubali kutusaidia bila malipo, aliishika nakala ile kwa vidole viwili kana kwamba wino haujakauka. Alitueleza jinsi mambo yanavyokwenda. Katika sheria yetu ya utawala, ofisi ikinyamaza miezi mitatu tangu ilipopokea malalamiko, ukimya wake huhesabiwa kuwa ni kukataa, na aliyekataliwa anaweza kwenda mbele ya hakimu wa mambo ya utawala. Mahakama za namna hiyo zilipangwa upya na sheria ya tarehe 15 Oktoba 2016, na juu ya mahakama hizo lipo Baraza la Serikali kule Kinshasa. Kila hatua, alisema, huanza na tarehe iliyo kwenye muhuri. Akatuonyesha pia sheria namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010 kuhusu zabuni za umma, inayodai kazi za serikali zitolewe kwa uwazi. Kuhusu migodi, amri ya tarehe 20 Mei 2011 inalazimisha kila mkataba wa maliasili utangazwe. Akauliza: ikiwa mkataba wa shaba unapaswa kuonekana na wote, madarasa ya watoto yana siri gani?

Tulingoja. Kwenye redio sikumtaja mtu wala ofisi kwa ubaya. Kila mara nilikumbusha tu siku barua ilipopokelewa na siku muda wa jibu utakapotimia. Wasikilizaji wakaanza kuhesabu pamoja nasi. Muda ule niliwasomea pia habari za majirani, maana mtu akidhani yuko peke yake huchoka upesi.

Niliwasomea ya Uganda, ambako sheria ya kupata habari ilipitishwa 2005. Waandishi wawili, Angelo Izama na Charles Mwanguhya Mpagi, walikwenda mahakamani kudai mikataba ya mafuta, na mwaka 2010 mahakama ikawanyima. Niliwasomea ya Kenya, iliyogusa zaidi mji wetu wa reli. Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo waliomba mikataba ya reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyojengwa kwa mikopo ya benki ya Exim ya China. Serikali ilijibu kwamba mikataba ina vipengele vya siri. Tarehe 13 Mei 2022, kule Mombasa, Jaji John Mativo aliamua kwamba kuwanyima hati hizo ni kuvunja Katiba na sheria ya kupata habari ya 2016, akaamuru zitolewe. Novemba mwaka huohuo waziri wa uchukuzi Kipchumba Murkomen alitoa hadharani sehemu ya mikataba. Mzee mmoja aliyestaafu reli alinisimamisha njiani kuniambia kwamba maisha yake yote alivuta mabehewa bila kujua nani alilipa nini kwa nani.

Muda ulipokaribia kwisha, jibu la maandishi lilikuja. Lilikuwa fupi: hati zilizoombwa ni za utawala wa ndani. Wazazi walivunjika moyo, lakini wakili alitabasamu. Sasa kukataa kulikuwa na namba, tarehe, muhuri na sahihi ya mtu mwenye cheo. Aliandika malalamiko kwa mkubwa wa ofisi ile, akaambatanisha jibu lenyewe, akaeleza kwamba hatua itakayofuata ni mahakama. Siku chache baadaye tuliitwa. Tuliambiwa tusome hapohapo, tusitoe nakala.

Faili lilikuwa la kijani, limefungwa kwa uzi. Devi ilikuwa na safu zake: namba, kazi, kipimo, kiasi, bei ya kimoja, jumla. Nilisoma mstari kwa mstari, mwenyekiti wa kamati akiandika. Misingi. Kuta. Mbao za paa. Mabati. Na kati ya saruji na kokoto, mchanga wa mtoni, kwa mita za ujazo, na bei yake kwa faranga. Mama aliyekuja redioni siku ya kwanza aliniomba nimwonyeshe mstari wenyewe. Aliweka kidole juu yake, akaniuliza kwa Kiluba kama ndio huo, nikamwambia ndio huo.

Kulikuwa na jambo la pili ambalo hatukuliomba. Mtaani watu walishasema kwamba mwalimu mkuu amekula pesa za shule. Alitukanwa sokoni, na mkewe aliacha kwenda kwenye kwaya. Hati zilionyesha kwamba hakuna hata faranga moja iliyopitia mikononi mwake. Jioni ile nilisoma yote mawili hewani kama yalivyoandikwa: mstari wa mchanga, na njia ya malipo. Kabati lililofungwa lilikuwa limemwadhibu mtu mwema kwa miezi mingi, na ukurasa mmoja ulimrudishia jina lake.

Mchanga uliobaki uliletwa kwa lori. Ule uliobebwa kichwani haujalipwa hadi leo, na ninalisema hilo kila ninapohadithia habari hii, ili asije mtu akadhani kwamba kusoma hati ni kupata haki yote. Kusoma hati kunakupa neno la kweli la kuanzia.

Kwa kuwa Kongo haina sheria mahsusi ya kupata hati za serikali, nawaambia vijana wa redio wanaokuja kwangu: msigombane na shefu, mwandikieni. Ombeni ukurasa mnaoujua, msiombe "habari zote". Tajeni ibara. Msiondoke bila namba. Akikataa, mshukuruni na mwombeni aandike sababu.

Na kwa wabunge wetu wa Kinshasa nasema yale ambayo nimeyaona yakikosekana. Kenya na Uganda zimeipa ofisi siku 21 za kujibu, na Kenya imeweka saa 48 pale uhai au uhuru wa mtu unapohusika. Rwanda ina sheria yake tangu 2013, Tanzania tangu 2016. Sisi tuna ahadi ndani ya Katiba, ila anayenyimwa anatakiwa awe na wakili wa kujitolea, redio ya kumsemea na moyo wa kungoja miezi. Tupeni muda mfupi uliowekwa, sababu ya kukataa kwa maandishi, na hakimu aliye karibu, ambaye mama wa Kamina anaweza kumfikia kwa miguu. Fedha ni za nchi, na nchi ni pamoja na wale waliobeba mchanga. Wana haki ya kusoma hesabu ya fedha hizo kabla ya kuinama kuchota beseni la kwanza.